Mwenye Vyombo ni Nani? Kinanda cha Umeme, Programu ya Kompyuta na Umiliki wa Sauti, kutoka Usambara hadi Dar es Salaam

Neno "kinanda" limeishi muda mrefu kuliko chombo chochote kilichowahi kuitwa kwa jina hilo. Katika kamusi za Kiswahili za karne ya 19 lilitaja ala ya nyuzi, na Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 inalitumia kwa maana hiyohiyo katika Zaburi. Harmoniamu za wamisionari zilipofika, jina likahamia huko. Likachukua piano, likachukua kinanda cha umeme, na leo kijana anayepanga sauti kwa kipanya mbele ya kompyuta naye huweza kusemwa kuwa "anapiga kinanda". Lugha haikuona sababu ya kuweka mpaka kati ya mashine na programu. Wanahistoria wa muziki wa kielektroniki ndio waliouweka.

Mpaka huo umezua mjadala mkubwa Ulaya, Marekani na Japani. Upande mmoja wapo wanaoshikilia sinthesaiza za zamani kama Minimoog, iliyoingia sokoni mwaka 1970, ambazo sauti yake huzalishwa na saketi za umeme na hubadilika kidogo kadiri mashine inavyopata joto. Upande wa pili wapo wanaosema kwamba programu za kompyuta zimeweza kuiga mashine hizo kiasi cha msikilizaji kutotambua tofauti. Swali linalowagawa ni ipi yenye sauti bora. Insha hii inashikilia kwamba swali hilo likihamishiwa Tanzania kama lilivyo hufunika suala zito zaidi, ambalo wanamuziki wa nchi hii wameliuliza kwa maneno yao wenyewe kwa miongo mingi: mwenye vyombo ni nani? Kilichobadilika sinthesaiza ilipogeuka kuwa programu ni uhusiano wa mpigaji na mmiliki. Sauti, kama itakavyoonyeshwa, ilibadilika kidogo sana.

Vyombo vya usharika

Uhusiano huo unaonekana waziwazi mapema katika milima ya Usambara, kabla ya umeme wenyewe kufika. Mwaka 1891 wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo cha Mlalo, Usambara Magharibi, kwa niaba ya shirika la Kijerumani ambalo baadaye lilijulikana kama Misheni ya Betheli. Bethel yenyewe, karibu na mji wa Bielefeld, ilikuwa kitovu cha vikundi vya tarumbeta vya kanisa chini ya Johannes Kuhlo, na upigaji wa tarumbeta ungali hai katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania hadi leo. Wasambaa hawakuwa watu wasio na ala. Walikuwa na ngoma zao, mdumange ikiwa mojawapo ya zinazojulikana zaidi, na ngoma ilichongwa kwa mti wa hapohapo, ikawambwa na fundi wa hapohapo, na ilipopasuka haikuhitaji barua kwenda nchi nyingine.

Chombo cha misheni kilikuwa na safari tofauti. Kilishuka melini Tanga. Reli ya Usambara ilipofika Mombo mwaka 1905 kiliweza kusafiri kwa treni hadi chini ya milima, kisha kikapanda kwa mabega ya watu. Harmoniamu hupulizwa kwa miguu na tarumbeta kwa pumzi, kwa hiyo vyote viwili vilifaa mahali pasipo na umeme. Lakini gharama na asili yake viliamua kitu kingine: chombo kilikuwa mali ya usharika. Mpigaji alikitumia kwa idhini. Aliyekosana na wazee wa kanisa aliondoka na ujuzi wake vidoleni, bila ala. Kwa lugha iliyokuja baadaye mijini, misheni ilikuwa mwenye vyombo wa kwanza wa milimani.

Hoja hii haina nia ya kuwalaumu wamisionari. Inasaidia kueleza kwa nini mfumo wa mjini wa miaka ya 1960 na 1970, ambao mara nyingi huelezwa kama zao la siasa ya ujamaa peke yake, haukuwa mgeni kwa mwanamuziki aliyekulia katika kwaya. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, iliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam mwaka 1983. Mwanamuziki alipewa mshahara, sare na gitaa. Alipohama, gitaa lilibaki. Hugo Kisima, mfanyabiashara aliyemiliki Orchestra Safari Sound, alipowavuta wanamuziki kadhaa wakuu wa Mlimani Park mwaka 1985, alichokuwa nacho mkononi ni vyombo na fedha. Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata vilizidi kumpa nguvu mwenye vyombo, kwa sababu hata waya wa gitaa ulihitaji kibali cha kuingizwa nchini.

Kwa hiyo katika miaka ambayo sinthesaiza za saketi zilikuwa zikitawala studio za London na New York, dansi la Tanzania lilijengwa juu ya magitaa, saksafoni na tarumbeta. Mtafiti anayetafuta hapa "enzi ya dhahabu" ya mashine hizo anatafuta historia ya watu wengine.

Kinanda kinachobebeka kwapani

Mabadiliko yalianza kwa uamuzi wa kiuchumi. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vitu vya Dubai na vya Asia ya Mashariki vikajaa madukani. Miongoni mwake vilikuwamo vinanda vya umeme.

Vinanda hivi havikuwa ndugu wa Minimoog. Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ilikuwa imetoa DX7, sinthesaiza ya kidijiti iliyotumia mbinu iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo wimbi moja la sauti hutumiwa kubadilisha masafa ya wimbi jingine. Ndani ya DX7 hakuna saketi inayotetemeka kwa sauti kama ilivyo katika mashine za zamani. Mna hesabu zinazofanywa na chipu. Vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kampuni hiyo ilianza kuvitoa mwaka 1980, navyo kwa sehemu kubwa vilibeba sauti zilizoandikwa kiwandani ndani ya chipu. Kwa maana ya kiufundi, kinanda cha namna hii tayari kilikuwa programu, iliyofungiwa katika sanduku la plastiki. Jambo hili lina uzito mkubwa katika hoja ya insha hii, kwa sababu linaondoa ule mpaka unaodhaniwa kuwapo kati ya "chombo" na "programu". Tofauti iliyobaki ni kwamba sanduku haliwezi kunakiliwa na programu inaweza.

Sanduku hilo lilipokelewa kwa namna mbili, nazo hazipaswi kuchanganywa.

Katika taarab, kinanda cha umeme kiliingia katika makundi yaliyokuwa na mmiliki mwenye nguvu. East African Melody, lililoanzishwa mwaka 1992, lilijenga taarab ya kisasa juu ya vinanda. Katika mwaka huohuo Tanzania One Theatre ilianzishwa ikiwa na uhusiano wa karibu na Chama cha Mapinduzi. Mpiga kinanda mmoja sasa aliweza kutoa sauti ya fidla, nai, besi na hata mdundo, kazi ambayo katika kundi kama Ikhwani Safaa la Zanzibar, lenye historia tangu 1905, hufanywa na safu nzima ya wapigaji. Tanga, mji ambao Kelly Askew aliuandikia kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni, ulikuwa umetoa Black Star na Lucky Star, vilabu vilivyobadili taarab ya bara kwa magitaa ya umeme. Ujio wa kinanda uliendeleza mageuzi ambayo mji huo ulikuwa umeyazoea. Lakini umiliki ulibaki palepale. Kinanda kilipunguza idadi ya wapigaji bila kupunguza nguvu ya mwenye vyombo, na kwa wapigaji wa fidla na akodiani yalikuwa mageuzi machungu.

Mchiriku ni habari nyingine. Muziki huu ulizaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam kutokana na ngoma za Wazaramo na chakacha, ukipigwa na vijana wasiokuwa na shirika wala chama nyuma yao. Kiini chake kilikuwa kinanda kidogo cha Casio, ambacho mtoto wa tabaka la kati huko Japani au Ulaya angepewa kama zawadi ya sikukuu. Kilitumia betri. Kilibebeka kwapani. Kiliunganishwa na kikuza sauti na spika za honi, sauti ikakwaruza na kupasuka, na mkwaruzo huo ukawa sehemu ya ladha. Pembeni zilikuwapo ngoma, na hata kigoda cha mbao kiligeuzwa ala kwa kupigwa vijiti. Jagwa Music, kundi lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, liliendelea na mtindo huo hadi albamu yake ya Bongo Hotheads ilipotolewa Ubelgiji mwaka 2012 na Crammed Discs.

Kwa mtazamo wa umiliki, Casio hiyo ndiyo tukio kubwa katika historia inayoelezwa hapa, kubwa kuliko ujio wa kompyuta. Kwa mara ya kwanza kundi la vijana maskini wa mjini lingeweza kuwa na chombo cha umeme ambacho ni chao. Hawakukichagua kwa ubora wa sauti, na msomi anayekisifu kwa "uhalisi wa sauti ya kizamani" anawapachika wapigaji hao mapenzi ya mkusanyaji wa vitu vya kale. Walikichagua kwa sababu kilinunulika. Baadaye walikishikilia kwa sababu masikio ya wasikilizaji yalikwisha kukifanya kuwa sauti yenyewe ya mchiriku, na hapo ndipo suala la sauti linapopata haki yake ya kujadiliwa.

Programu inayonakiliwa

Mwaka 1996 kampuni ya Kijerumani ya Steinberg ilitoa teknolojia ya VST, na toleo lake la pili la mwaka 1999 liliwezesha sinthesaiza nzima kukaa ndani ya kompyuta kama programu. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, iliyobadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Mwaka 2004 Korg ilianza kuuza programu zinazoiga sinthesaiza zake yenyewe za miaka ya nyuma. Mtengenezaji wa sanduku akawa muuzaji wa kivuli cha sanduku.

Tarehe hizo zinaangukia katika miaka ya kukua kwa Bongo Fleva. Studio za Dar es Salaam kama MJ Productions ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk zilianza na vifaa vilivyonunuliwa kwa gharama kubwa, na watayarishaji wake wakawa mashuhuri kiasi cha majina yao kutamkwa ndani ya nyimbo. Alex Perullo, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu uchumi wa muziki wa Tanzania, anaonyesha jinsi studio, redio na biashara ya kaseti zilivyofungamana katika miaka hiyo. Kadiri programu ziliposambaa, mara nyingi katika nakala zisizo na leseni, idadi ya studio ndogo iliongezeka. Sanduku lililokuwa likigharimu fedha za kigeni sasa lilipita katika diski, kisha flashi, kutoka kijana mmoja kwenda kwa mwingine.

Ni rahisi kuita hatua hii ukombozi, na waandishi kadhaa wameiita hivyo. Ushahidi hauruhusu furaha hiyo moja kwa moja. Msanii chipukizi aliyeingia studio ya mtaani mwaka 2005 hakuwa na kompyuta; alilipa kwa wimbo, na faili lenye kazi yake lilibaki kwenye mashine ya mtayarishaji. Mwenye vyombo alikuwa amerudi kwa jina la mwenye studio. Tofauti ya kweli ni kwamba cheo hicho sasa kiliweza kushikwa na kijana wa Mburahati au Tandale, ambaye mwaka 1980 asingeweza hata kuota kumiliki bendi. Hilo si dogo, ila halimfikii kila mwimbaji.

Singeli inathibitisha hoja kwa upande wa sauti. Muziki huu wa vitongoji, ambao mwendo wake mara nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika, ulitengenezwa kwa kompyuta na programu za kawaida, zikiwamo za kuchezeshea muziki kama Virtual DJ, ambazo hazikukusudiwa kutungia. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na albamu ya Jay Mitta ya Tatizo Pesa ya mwaka 2019 viliufikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya, ambao wengi waliupokea kama muziki wa kesho usio na ukoo. Ukoo upo, na unasikika. Vipande vinavyozungushwa na kuharakishwa ndani ya singeli vingi ni vya kinanda: mapigo ya taarab ya kisasa, milio myembamba inayokumbusha Casio ya mchiriku. Mashine ya zamani haikushindwa na programu. Iliingizwa ndani yake, pamoja na mikwaruzo yake.

Umeme uliopita chini ya mlima

Historia hii ikitazamwa kutoka Lushoto inaonyesha mkunjo mwingine, ambao watafiti wa Dar es Salaam huuruka. Kituo cha umeme wa maji cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964 kwenye Mto Pangani, na kituo kipya cha Pangani Falls chenye megawati 68 kikafuata mwaka 1995. Vyote viko katika mkoa wa Tanga, na umeme wake ulipelekwa kwanza kwenye miji na viwanda, huku vijiji vingi vya milimani vikikaa gizani kwa miongo kadhaa. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ndio uliobadili hali hiyo hatua kwa hatua.

Maana yake kwa muziki ni ya moja kwa moja. Mahali pasipo na nyaya, ubishi kati ya sinthesaiza ya sanduku na ile ya kompyuta huamuliwa na betri. Kinanda kidogo kilishinda kwa sababu kilitumia betri kavu zinazouzwa dukani. Kompyuta ya mezani ilishindwa. Kompyuta ya mkononi na simu vikarudisha ushindi upande wa programu. Hata palipokuwa na nyaya, mgao mkali wa umeme wa mwaka 2006, uliotokana na ukame, ulikumbusha kila mwenye studio kwamba maktaba yake yote ya sauti hunyamaza pamoja na taa. Tena hali ya hewa ya Usambara Magharibi, yenye ukungu na mvua za masika na vuli, si rafiki wa vitufe vya mpira na saketi zilizo wazi. Tarumbeta hukaushwa kwa kitambaa.

Pamoja na hayo, kwaya za milimani hazikubaki nyuma ya wimbi la nchi nzima lililoingiza vinanda vya umeme katika muziki wa injili. Barabara ya Mombo, Soni na Lushoto, ileile inayoshusha mboga kwenda masoko ya Dar es Salaam, imepandisha kaseti, baadaye sidii, na sasa flashi yenye midundo iliyokwisha kutengenezwa mjini. Hapo swali la mwenye vyombo linageuka tena. Usharika unaweza kumiliki kinanda kizuri na bado ukaimba juu ya mdundo ambao si wake, uliotoka kwenye faili la studio isiyojulikana hata jina.

Faili na kaseti

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliwatambua mtunzi, mtumbuizaji, mtayarishaji wa rekodi na mrushaji wa matangazo, na programu za kompyuta zenyewe nazo zikalindwa. Studio ambazo zilipigania sheria itumike dhidi ya waharamia wa kaseti zilikuwa, mara nyingi, zikifanya kazi kwa programu zilizonakiliwa bila ruhusa. Mkanganyiko huo hauhitaji kufichwa wala kukuzwa. Ulitokana na bei zilizopangwa kwa masoko ambayo hayakuwa ya Tanzania.

Tatizo gumu zaidi ni la kumbukumbu. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, pamoja na hatari zote za vumbi na joto, zinaweza kusikilizwa na yeyote mwenye mashine inayofaa. Kinanda cha Casio cha mwaka 1990 kikikutwa dukani kwa fundi, sauti zake zimo ndani ya chipu, zilezile zilizotoka kiwandani. Faili la mradi wa wimbo wa mwaka 2003 linahitaji toleo lile la programu, sinthesaiza zote zilizoitwa ndani yake, na diski ya kompyuta ambayo huenda ilifutwa ili kupata nafasi ya kazi mpya. Kipindi chenye uzalishaji mkubwa zaidi katika historia ya muziki wa Tanzania ndicho kinachoelekea kuacha nyaraka dhaifu zaidi za jinsi kilivyotengeneza sauti zake.

Na ndani ya udhaifu huo wapo watu. Mpiga kinanda wa taarab ambaye kipande chake cha sekunde chache kinazunguka leo katika singeli ni mtumbuizaji kwa mujibu wa sheria, mwenye haki juu ya kazi yake. Majalada mengi ya kaseti za miaka ya 1990 yalitaja kundi, mwimbaji na nyimbo. Aliyekaa nyuma ya vitufe hakuandikwa. Wengi wa wapigaji hao wangali hai na wanaweza kuitambua mikono yao wakisikilizishwa. Kazi hiyo ya kuwatafuta inaanzia kwenye kaseti zenyewe, ambazo zingali zikipatikana katika nyumba na vibanda vya Tanga na Dar es Salaam.